Mgeni wa Siku Moja na Mikorosho ya Biasha

Biasha binti Pazi alikuwa na kazi ambayo hakuiomba. Kijiji kilimchagua kuwa mtembeza wageni, na kilimchagua kwa sababu mbili: alikuwa na mdomo, na alikuwa mjane, hana mume wa kuuliza mke wangu mbona hashindi nyumbani. Tangu Operesheni ya mwaka wa sabini na nne, watu walipoondolewa mabondeni na kupangwa kwa mistari kando ya barabara kuu, mbele kidogo ya Kiranjeranje, wageni hawakukatika. Walikuja kwa Landrova, sita sita, kalamu mifukoni, kuona ujamaa unavyokwenda.

Biasha akawa anawapitisha njia aliyopangiwa na Mwenyekiti Ismaili: ofisi, darasa la elimu ya watu wazima, kisima, zahanati iliyokuwa na kila kitu isipokuwa paa na dawa, kisha shamba la ujamaa, kwa mbali. Kwa mbali, kwa sababu ukisogea hujui tena kama ni mihogo iliyoota kwenye magugu au ni magugu yaliyoota kwenye mihogo. Kuku nao walikuwa na ratiba yao. Jirani yake Sada alikuwa na kuku kumi na wawili. Mgeni akiwa ofisini anakunywa maji, kuku wako banda la kwanza. Akifika kisimani, wako banda la pili, Sada anahema nyuma ya ukuta. Mgeni mmoja aliandika kuku arobaini na wanane, akawapongeza wanakijiji kwa kufuga kuku wanaofanana.

Biasha alikuwa akicheka hadi machozi, lakini moyo wake haukuwa pale barabarani. Ulikuwa kwenye mahame yake, mwendo wa saa mbili na ushee, ng'ambo ya kijito cha Nambunda. Huko ndiko Operesheni ilikomkuta, ikambomolea nyumba ili asitamani kurudi. Nyumba waliiweza. Mikorosho hawakuiweza. Ilibaki arobaini na miwili, imesimama, na kila msimu ikizaa bila kumwuliza mtu kibali.

Sasa ndugu Ismaili, ambaye hakuwa mtu mbaya, ila alipenda sana kutangaza, mwezi wa Oktoba alitangaza mambo mawili kwa pumzi moja. La kwanza, ni marufuku mtu yeyote kwenda mahame bila kibali, maana wanaokwenda kuokota korosho hawarudi siku tatu, na shamba la ujamaa linabaki na vikongwe. La pili, mikorosho ambayo korosho zake hazikuokotwa msimu huu kabla ya mvua ya kwanza itahesabiwa imetelekezwa na mwenyewe, na itakuwa mali ya kijiji. Watu wakapiga makofi, wakaenda nyumbani. Walipofika nyumbani ndipo wakayaweka yale mawili pamoja.

Biasha alikwenda kuomba kibali mara nne. Mara ya kwanza aliambiwa aje kesho. Mara ya pili muhuri ulikuwa Kilwa Masoko. Mara ya tatu muhuri ulikuwapo, wino haukuwapo. Mara ya nne Ismaili alimtazama kwa huruma akamwambia, "Bi Biasha, wewe ni mtu wetu wa mfano. Ukienda wewe, nani atabaki?" Novemba ikaingia. Mawingu yakaanza kukaa upande wa baharini kila alasiri, na kila alipoyaona Biasha alikosa hamu ya kula.

Basi Jumatano moja asubuhi lori likasimama, likamshusha mtu mmoja, likaondoka. Mmoja tu. Hana mwenzake, hana dereva, hana mkubwa wa kumwelekeza. Mwanamume wa miaka thelathini na tano hivi, mnene kiasi, shati jeupe, kofia ya pama, chupa ya chai begani. Kijiji kizima kikatoka kuchungulia. Mtu anayetembea peke yake bila msiba na bila biashara, ama ana wazimu ama ametumwa.

Hakuwa na wazimu wala hakutumwa. Alikuwa karani wa stoo mjini Lindi, amepanga chumba Mitwero, na alikuwa likizo. Kwao ni mbali, siku mbili za vumbi, na likizo yenyewe ya wiki. Akaona bora azunguke pwani hii anayoishi miaka sita bila kuijua. Alikuwa na barua ya kata iliyosema aonyeshwe mazingira kwa siku moja na arudishwe salama kabla ya magharibi.

Ismaili aliisoma barua ile mara tatu akitafuta hatari, asiione. Tena alikuwa na mkutano Kiranjeranje na baiskeli ilikuwa tayari mkononi. Akamwita Biasha pembeni.

"Mtembeze huyu. Njia ile ile. Kijito msivuke. Nikirudi alasiri nimkute hapa ofisini, ameshiba, anasifu."

"Ndiyo, Ndugu Mwenyekiti," akasema Biasha, na kwa dakika ile alikuwa anasema kweli.

Mgeni alivua kofia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja kuona kijiji?"

"Hapana, mama, vijiji nimeviona. Nimeona mabango mpaka nayaota. Mimi nataka kwenda kule." Akaonyesha kidole upande wa vilima, juu ya mistari yote ya nyumba. "Nataka nione mashamba ya watu, vijito, watu walikokuwa wanaishi zamani. Niende kwa miguu na nirudi nimechoka."

Biasha alimwangalia. Kisha akaviangalia vilima vile, upande wa mikorosho yake.

"Jina lako nani, baba?"

"Bonaventura Ngonyani."

"Ngonyani? Mngoni wa wapi?"

"Peramiho."

Biasha akapiga makofi mara moja, akaangalia juu, akamshukuru Mwenyezi Mungu kwa sauti. Maana yeye alikuwa Mngindo kwa baba na kwa mama, na Wangindo na Wangoni ni watani. Babu wa hawa na babu wa wale walipigana hadi wakachoka, na walipochoka wakakubaliana kuwa tangu hapo watachokozana tu. Mtani wako anaweza kukutukana mchana kweupe. Anaweza kuingia uani akakamata kuku wako, akamchinja mbele yako na akakuomba chumvi. Ukinuna, wewe ndiye mwenye kosa. Na anayeingilia utani wa wenzake huchekwa mpaka siku anayozikwa.

"Mla panya wee!" akasema Biasha. "Shikamoo yako nimeitema. Kumbe nimemsalimia mwizi wa mbuzi?"

Sura ya Bonaventura ikafunguka. Miaka sita Lindi, stoo na daftari, na hakuna aliyewahi kumtukana vizuri hivyo. "Mngindo!" akasema. "Basi nimefika nyumbani. Mtumwa wangu, nionyeshe njia."

"Nisubiri nichukue kitu cha kukalia," akasema Biasha, akaingia ndani. Alitoka na gunia tupu lililokunjwa vizuri chini ya kanga.

Wakaanza safari. Alimpitisha ofisini haraka, na kisimani haraka zaidi. Sada alikuwa tayari amebeba kuku kwa tenga, anakimbilia banda la pili, akashangaa kuwaona mgeni na Biasha wanampita kama hawamjui. Walipofika kwenye kijito cha Nambunda, Biasha alisimama kidogo. Maji yalikuwa ya vifundoni. Alikumbuka neno la Ismaili, akalipima, akaona kwamba mwenye neno hakuwapo. Akapandisha kanga akavuka.

Ng'ambo alikuwa mtu mwingine. Njia zote alizijua kwa nyayo. Alimwonyesha mgeni mahali nyuki walipomfukuza akiwa mwari, na jiwe ambalo mama mkwe wake alikuwa akilikalia kumsengenya. Alimwonyesha mti uliojaa kunguni, akamwambia dawa yake ni kumlaza Mngoni mmoja chini yake, kunguni wote wahamie kwake. Bonaventura naye hakunyamaza. Kila walipopanda kilima aliuliza kama hiki ndicho Wangindo walichokimbilia babu zake walipokuja, na Biasha akamjibu kuwa hawakukimbia, walikuwa wanatafuta mahali pasipo na harufu. Kofia ilianza kuloa. Chai iliisha. Mgeni akauliza mara moja, mara mbili, kama ni mbali.

"Ni hapo tu," akasema Biasha, kwa ile sauti ambayo mtu wa mashambani huitumia mahali pakiwa bado mbali.

Walifika jua limeshapanda. Kabla ya kuona kitu walisikia harufu, tamu na kali. Halafu mikorosho. Chini yake ardhi haikuonekana, ilikuwa mabibo matupu, mekundu na ya njano, mengine yameshapasuka na nzi wamejaa. Na kila bibo na korosho yake kichwani, inangoja mwenyewe. Biasha alisimama. Kusimama huku hakuwa amekupanga kwenye safari. Alitaka kusema "hapa ndipo kwangu" kwa sauti ya mtembeza wageni, akajikuta anapangusa macho kwa pindo la kanga.

"Ala, mtani," akasema Bonaventura. "Nini tena?"

"Vumbi," akasema Biasha. "Haya. Sasa tunafika kwenye sehemu ya safari ambayo mgeni anashiriki." Akakung'uta gunia.

"Hilo si la kukalia?"

"Likijaa utalikalia."

Karani wa stoo akainama. Alionyeshwa mara moja tu namna ya kunyofoa korosho kwenye bibo, kuzungusha na kuvuta, halafu akaachwa na mikono yake. Alikula mabibo matatu makubwa bila kuuliza, koo likamkereketa, akakohoa mpaka pama ikaanguka. Maji ya bibo yakamrukia kifuani. Biasha akamwambia asihuzunike, doa la bibo halitoki hata kwa kisomo, kwa hiyo ataikumbuka likizo. Walikwenda mti hadi mti. Biasha alikuwa mkali: hakutaka mti hata mmoja urukwe, hata ule mkongwe wa pembeni uliotoa korosho kiganja kimoja. Bonaventura aligundua kwamba kila mti ukimalizika mama huyu anaugusa shina na kunong'ona namba.

"Thelathini na tisa," alisema mara ya mwisho kabla mgeni hajakaa chini kwa nguvu.

"Mtani, tuache utani kidogo," akasema Bonaventura. "Mimi ni karani. Naona mtu anavyohesabu, najua anaogopa nini. Kuna nini hapa?"

Biasha alikaa naye. Palikuwa na mawe matatu ya jiko kati yao, na ukuta uliobomoka nyuma. Akamweleza bila mzaha. Kwamba mashimo ya miti hii alichimba marehemu mume wake, Huseni, mvua ya kwanza baada ya Uhuru, akisema bendera wamepandisha wao, sisi tupandishe mikorosho, tuone kipi kitaleta kivuli. Kwamba watoto wawili walizaliwa hapa, na mmoja alibaki hapa. Kwamba hataki kurudi kuishi, barabarani ameshazoea, ana Sada na ana darasa. Lakini miti hii ikiitwa ya kijiji, basi Huseni atakuwa hakuwahi kuishi. Kisha akamweleza tangazo la Ismaili, la kwanza na la pili, na safari zake nne za kuomba kibali.

"Kwa hiyo zikiokotwa miti ni yako, lakini ukionekana umeokota una kosa," akasema Bonaventura.

"Ndiyo hivyo. Nimeona bora kosa."

Mgeni alisimama, akaenda kumaliza mitatu iliyobaki peke yake, huku Biasha akifyeka majani kaburini kwa mwanawe na kwa Huseni.

Gunia lilipofungwa lilikuwa limejaa robo tatu. Biasha akalisimamisha mbele ya Bonaventura, akakunja kanga yake ya pili ikawa kata ya kubebea mzigo, akaiweka juu ya pama.

"Mimi?"

"Babu zenu waliwabebesha babu zetu mizigo mpaka Songea. Leo ni zamu."

Mngoni angefanya nini? Alicheka, akainamisha kichwa. Saa mbili na ushee akabeba, akitukana ukoo wote wa Biasha kwa majina aliyoyabuni, na Biasha alikwenda mbele mikono mitupu, mwepesi kama msichana, akimsahihisha majina.

Mpango wake ulikuwa kupita nyuma ya mabanda na kuliingiza gunia kwa Sada. Ulikuwa mpango mzuri. Lakini mkutano wa Kiranjeranje ulikuwa umeahirishwa kwa kuwa muhuri ulikosekana, na Ismaili alikuwa amerudi mapema. Hakumkuta mgeni ofisini, ameshiba, anasifu. Alikuwa amesimama katikati ya njia ya mabanda, na nyuma yake watu waliotoka shamba la ujamaa, majembe mabegani, kijiji karibu chote.

"Bi Biasha," akasema Ismaili. "Mgeni wa kata amebeba nini?"

Hapakuwa na haja ya kujibu. Harufu ya mabibo ilikuwa imetangulia.

"Umevuka kijito. Umekwenda mahame bila kibali. Umemfanya mgeni mchukuzi." Ismaili hakupaza sauti, na hapo ndipo Biasha alipoogopa. "Nilikuomba uwe mfano. Basi utakuwa mfano. Korosho hizi zinaingia ghala la kijiji. Na kwa kuwa zimeokotwa kwa magendo, hazihesabiki zimeokotwa. Ile mikorosho..."

Biasha alifungua mdomo. Mdomo ule uliompa kazi, uliowachanganya wageni wa Landrova, ulifunguka ukabaki wazi, hauna kitu. Sada aliona, akashika kifua.

Ndipo gunia lilipotua chini kwa kishindo, miguuni pa Mwenyekiti.

"Ndugu Mwenyekiti!" Bonaventura alipiga kelele, shati lote madoa, kata bado iko juu ya pama. "Usimlaumu mama huyu bure! Mimi ni Mngoni. Nimevamia!"

Mtu mmoja nyuma akaguna kwa kicheko.

"Alinikatalia," akasema Bonaventura, akigeukia watu. "Aliniambia tuishie kisimani. Nikamwambia, mtani, nipeleke kwenye mikorosho yako, nami nitakwapua. Leo, msimu huu, kwa mikono hii, nimeokota korosho za Biasha binti Pazi. Miti arobaini na miwili! Sikumwachia hata moja ya kuonja. Nyie Wangindo mpo hapa. Mtani akipora, ni wizi?"

"Si wizi!" watu wakajibu. Vigelegele vikaanza upande wa Sada.

"Ni halali yangu au si halali?"

"Halali!"

"Mwenyekiti hajasema! Au ananuna?"

Macho yote yakamgeukia Ismaili. Naye alikuwa Mngindo, mwana wa Mngindo, na mama yake mzazi alikuwa pale pale na jembe lake, anamtazama aone kama mwanawe ataingilia utani hadharani. Ismaili alijitahidi. Mdomo ulianza kumcheza upande mmoja, kisha mabega, kisha akacheka kabisa, akampiga Mngoni bega.

"Halali, mla panya," akasema. "Chukua mzigo wako. Korosho za Biasha umezimaliza, na sisi tumeshuhudia. Utuondokee!"

Watu walicheka na kumsindikiza mgeni hadi barabarani. Lori la kwenda Lindi lilipatikana kabla ya magharibi, kama barua ilivyotaka. Vijana wawili wakamrushia gunia juu. Biasha aliliangalia likipanda na hasira ilimchoma, hasira ya kweli. Robo tatu ya gunia, jasho la siku nzima, na huyu mtu analikalia! Angeweza kuacha hata kikombe cha kukaanga. Ilibidi acheke, maana mtani hanuni, akacheka kwa meno ya nje.

Lori likaanza kutembea. Bonaventura akavua pama, akainama ukingoni, akampigia kelele mbele ya watu wote:

"Mngindo! Mwakani tena Novemba! Mikorosho yako uitunze, na korosho usiguse mpaka nije kupora!"

Biasha alisimama pale vumbi likimfunika. Akarudia moyoni aliyoyasikia. Leo, msimu huu, arobaini na miwili. Za Biasha. Umezimaliza na sisi tumeshuhudia. Basi mikorosho haikutelekezwa, na hasira yote ikamtoka mara moja. Aliinua mkono akamtukana Mngoni yule matusi makubwa kuliko yote aliyokuwa nayo, machozi yakimtiririka, na wala hakuyafuta.

Alipogeuka alimkuta Ismaili nyuma yake. Kicheko kilikuwa kimeanza kumwisha usoni, polepole, kama mtu anayerudi njiani kutafuta kitu alichoangusha.

"Bi Biasha," akasema taratibu. "Mimi nimesema nini pale?"

"Umesema halali."

"Baada ya halali."

"Umesema korosho zangu zimeokotwa zote, na umeshuhudia."

Ismaili akawatazama watu. Kila mmoja kichwani mwake alikuwa ameanza kuhesabu ana mtani gani, na anakaa wapi.

"Umenichezea," akasema Ismaili.

"Mimi?" Biasha alifungua mikono yote miwili, mitupu. "Mimi nimeibiwa, Ndugu Mwenyekiti. Msimu mzima. Mbele yako. Hata pole hujanipa."

Mama yake Ismaili alikohoa. Mwenyekiti akaangalia barabara, akaangalia mawingu yaliyokuwa yamefika juu ya mapaa, tone la kwanza likamwangukia puani.

"Pole, Bi Biasha," akasema.

"Nimeshapoa," akajibu Biasha, akaenda kumsaidia Sada kuingiza kuku ndani kabla hawajaloa.